Mawaridi ya Kutupwa

Kama umeambiwa wiki hii kwamba chembe zako nyeupe za damu zimeshuka, na mtu mwema amekuletea maua, yatoe nje kwanza ndipo uendelee kusoma. Usimwonee haya aliyeyaleta. Mimi nilimwonea haya, na nusura nizikwe Minnesota, chini ya theluji, mbali na kaburi la baba yangu.

Jina langu ni Kemunto. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka thelathini na minne, nikiishi Fridley, mji mmoja wa Minnesota, na mume wangu Wafula na binti yetu Nekesa, aliyekuwa na miaka minane. Mimi ni Mkisii, Wafula ni Mbukusu, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, isipokuwa Nekesa, ambaye ukimsemesha Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza bila hata kuinua macho. Wafula alifanya kazi kiwandani, dakika tano kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee. Niliwaosha, nikawageuza, nikawapima joto asubuhi na jioni. Likumbuke hilo la kupima joto, maana ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Kabla ya kuja Marekani nilifanya kazi miaka mitano Naivasha, kwenye shamba la maua. Nilikuwa greda: unasimama mezani, unapokea mawaridi kutoka shambani, unayapima urefu, unatupa yaliyoinamisha shingo, unafunga ishirini ishirini na kuyapeleka chumba cha baridi. Msimamizi alisema nina jicho. Nililitazama waridi likiwa bado limefumba nikajua litaishi siku ngapi ndani ya nyumba ya Mzungu. Ujuzi huo haukuwa na kazi Minnesota mpaka nilipougua.

Julai ya mwaka ule nilikwenda Kisii kumzika baba. Niliporudi nilikuwa nimekonda, na usiku nililowesha shuka kwa jasho. Nikasema ni msiba. Septemba, nikifunga kifungo cha juu cha sare ya kazi, vidole vikagusa uvimbe ubavuni mwa shingo, mgumu, ukubwa wa gololi. Haukuuma. Mpaka leo kitu kisichouma ndicho kinachonitisha.

Hospitalini waliukata, wakaupeleka maabara, wakaniita. Saratani ya tezi za limfu. Sitakueleza zaidi ya hapo; ugonjwa wako utaelezwa na daktari wako. Nilipangiwa dozi sita za dawa ya mshipani, moja kila baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi. Tangu hapo sikuhesabu tena kwa miezi. Dozi ya kwanza majani yalikuwa mekundu juu ya miti, ya pili yalikuwa yameanguka.

Mama Bosire tulisali naye katika ushirika wa Wakenya kule Richfield, upande wa pili wa jiji. Alifanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula, sehemu ya maua. Kila Jumamosi mawaridi ambayo hayakununuliwa wiki ile hutupwa, naye akaomba ruhusa ya kuyachukua. Aliposikia habari zangu aliendesha gari kutoka Richfield mpaka Fridley akiwa na ndoo nzima.

"Mama Nekesa, najua ni ya kutupwa," alisema mlangoni, akinipa kwa mikono miwili. "Lakini wewe si ni mtu wa maua? Nimesema tu nikuletee, hata kama yatakaa one day."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Kisha nikavua sweta. Nilijaza beseni maji ya uvuguvugu, nikakata kila shina mshazari, upana wa vidole viwili, likiwa ndani ya maji ili lisivute hewa. Nikapukutisha majani yote ya chini, kwa kuwa jani likizama huoza na kuyaozesha maji. Nikang'oa petali za nje zilizochubuka. Nikayaviringisha kwa gazeti, shingo zikae wima, nikayasimamisha kwenye maji marefu mahali penye giza. Majini nilitia kijiko cha sukari, limau kidogo na matone machache ya jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, kwa sababu sukari peke yake inalisha vijidudu. Asubuhi yalikuwa yamesimama yote isipokuwa mawili. Nilikaa jikoni nikiyatazama, nikajiona mtu.

Alhamisi iliyofuata ikawa dozi ya kwanza. Chumba cha kusubiri kilikuwa ghorofa ya sita, dirisha likitazama Mississippi. Katikati palikuwa na meza yenye picha ya kuunganisha, vipande elfu moja, ghala jekundu kwenye theluji. Kila mgonjwa aliweka kipande kimoja au viwili, kisha akaitwa. Mzee mmoja mkulima, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu, aitwaye Arne, alikuwa ameshika upande wa anga kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. "Buluu yote ni moja," aliniambia. "Unajaribu tu mpaka kiingie." Alinisukumia vipande vya ukingoni, vilivyo rahisi. Wema wa namna hiyo hausahauliki.

Mojawapo ya dawa zile ilikuwa nyekundu, na mkojo wangu ulikuwa mwekundu mpaka kesho yake. Nesi wangu aliitwa Judy, mama wa nywele za kijivu asiyependa maneno mengi. Alinipa karatasi yenye mistari kumi na miwili, akaisoma pamoja nami, kidole chake kikishuka polepole. Alisimama mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mstari wa pili: joto likipita mia moja nukta nne kwa vipimo vyao vya Farenihaiti, usimeze dawa yoyote, piga simu saa hiyo hiyo. Mara ya pili kwenye wa tisa: kusiwe na maua mabichi ndani ya nyumba, wala maji ya maua yaliyosimama, kwa sababu vijidudu vyake havimfanyi kitu mwenye afya lakini vinaweza kumuua asiye na chembe nyeupe.

"Siku ya kumi mpaka ya kumi na nne baada ya kila dozi," alisema, "mwili wako hautakuwa na mlinzi. Ibandike kwenye friji."

Jioni ile Wafula aliketi mezani. Anasoma Kiingereza vizuri, lakini mambo ya hospitali aliniachia mimi, mtu wa fani. "Nisomee," akasema, "nataka kujua yote." Nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Joto. Nyama isiyoiva. Mboga mbichi. Watu wenye mafua. Mawaridi ya Mama Bosire yalikuwa katikati ya meza, kati ya uso wake na wangu, ndiyo kwanza yanafumbuka. Nikasoma wa nane, nikasoma wa kumi. Sauti haikutetereka. Halafu nikaikunja karatasi na kuiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

Utaniuliza kwa nini. Ugonjwa ulikuwa umeshanichukulia kazi na nguvu, na nywele zilikuwa njiani. Mawaridi ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado nakijua kuliko mtu mwingine yeyote katika hospitali ile. Halafu Mama Bosire ningemwambia nini? Kwetu mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili nawe u mgonjwa, humrudishi nacho mlangoni. Nikajiambia jiki itatosha.

Baada ya dozi ya pili nywele zilitoka zote kwa siku tatu. Nekesa alizikuta kwenye mto wangu, akazikusanya na kuziweka ndani ya bahasha. Ncha za vidole zikafa ganzi. Sikuweza kufunga kifungo, sembuse kushika kisu. Ndipo Wafula, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona akisuuza hata kikombe, akasimama mbele ya beseni na kusema nimfundishe.

"Kata mshazari," nikamwambia.

"Mshazari ndio nini?"

"Ah, Baba Nekesa! Slanting. Kama unachonga kalamu."

"Si ungesema hivyo."

"Mamako akikuona hivi atasema nimekuwekea dawa."

"Wacha aseme," akajibu, ulimi nje kama mtoto wa shule. "Mimi nitakuwa nime-graduate."

Alihitimu kweli. Akitoka shifti, kabla hajavua koti, alikwenda kwanza kuangalia maji. Alijifunza kwamba ndizi zikiiva karibu na mawaridi huyazeesha, na kwa kuwa ndizi ndicho chakula pekee kilichokaa tumboni mwangu, alizihamishia bafuni, nami nikawa nakula nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Majira ya baridi yalipoanza aligundua nafasi kati ya milango miwili ya nje, ule wa mbao na ule wa kioo, mahali ambapo pana baridi lakini hapagandi akiuacha ule wa mbao wazi kidogo. Hapo pakawa chumba chetu cha baridi. Mawaridi ya kutupwa yakaishi siku kumi, kisha kumi na nne, kisha kumi na nane.

Akina mama wa ushirika walianza kuhesabu. "Huyu hafi," walisema wakiyatazama. "Angalieni maua yake." Niliona kwamba kila aliyeingia alitazama meza kwanza, kisha akanitazama mimi. Nami nikaanza kufanya hivyo. Nikiamka asubuhi nilitazama shingo za mawaridi kabla sijajigusa ya kwangu. Likiinama moja nililitoa mapema, kabla mtu hajaliona.

Dozi ya tatu ilikuwa Desemba. Mto ulikuwa umeganda kingoni, maji meusi yakipita katikati. Midomo ilijaa vidonda, chakula chote kikawa na ladha ya msumari. Harufu ya jiki ndiyo iliyonishinda zaidi. Wafula akifungua tu ile chupa, nilikuwa nimeshakimbilia choo. Kisha, siku chache kabla ya Krismasi, harufu ile ikaacha kunifikia. Nilidhani pua imekufa kama ulimi ulivyokufa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, tena kwa sauti.

Nekesa ndiye aliyesema kitu. Alikuwa anafanya kazi ya shule mezani akainua kichwa. "Mommy, it smells like the pond."

"Harufu ya bwawa itoke wapi? Ni jirani anapika," nikamwambia.

Dozi ya nne ilikuja Januari, mto ukiwa mweupe ukingo hadi ukingo. Katika chumba cha kusubiri ghala jekundu lilikuwa limekamilika na theluji yake yote. Anga lilikuwa na shimo kubwa, na vipande vya buluu vilikuwa vimerundikwa mbele ya kiti cha Arne, na kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeuliza. Chumbani mle watu hawaulizi. Niliokota kipande kimoja, nikajaribu mara nne tano, hakikuingia, nikakirudisha.

Jumamosi, siku ya tisa, nilijisikia nafuu kidogo, nikataka kung'oa petali za nje mwenyewe. Mwiba uliingia kwenye kidole gumba wala sikuusikia. Nilijua nilipoona mkono wa sweta umelowa damu. Nilibana kwa kitambaa muda mrefu sana. Ilipokoma niliosha kidole, nikafunga plasta ya Nekesa yenye vikatuni.

Jumapili asubuhi, siku ya kumi, baridi ilinishika kutoka mifupani. Meno yaligongana. Kipimajoto changu cha kazini kilikuwa ndani ya mkoba, hatua tatu kutoka kitandani. Sikukitoa. Nilimeza Panadol mbili, joto likashuka, nikafunga kilemba vizuri kwa sababu wageni walikuwa wanakuja baada ya ibada.

Walikuja watatu, Mama Bosire mbele na ndoo yake, wengine wawili na chapati na sufuria ya ndengu. Waliimba pambio moja, wakaomba. Mama Bosire aliponishika paji la uso akavuta mkono.

"Mama Nekesa, una homa!"

"Ni kidogo tu."

"Si ulikuwa nyumbani July? Hii ni malaria. Ilikuwa imelala tu kwa body, sasa chemo imeiamsha."

"Ni malaria hiyo," akasema wa pili.

"Tena ya Kisii ile, mbaya," akasema wa tatu. "Mimi ilinishika hivyo hivyo, nilitetemeka mpaka kitanda kikatembea."

Nataka uone picha hiyo. Nje theluji ya kufika magotini, mbu wa mwisho alikufa Oktoba. Ndani wanawake wanne, watatu kati yetu tukilipwa kila siku kupima joto la wazee wa watu, na mzee mmoja akipita mia moja tunakimbia kumwita nesi. Lakini yule ni mzee wa Kimarekani. Homa ya Mkenya, kichwani mwetu, ilikuwa na jina moja tu tangu tuzaliwe. Mama Bosire akafungua mkoba akatoa vidonge alivyorudi navyo kutoka Nairobi. "Mkenya gani anakaa bila dawa ya malaria?" akasema, akanimiminia maji.

Nilivimeza. Sikudanganywa na mtu. Niliutaka uwe ukweli. Malaria niliijua, ilikuwa ya kwetu, nilikuwa nimeishinda mara saba nane. Ile homa nyingine ilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na mstari wa tisa. Nikipiga simu wataniuliza.

Walipoondoka Wafula aliketi kando yangu. "Umejipima?"

"Nimejipima."

"Ilikuwa ngapi?"

"Ni malaria, Baba Nekesa. Nimeshameza dawa."

Akaenda kuyakata mawaridi mapya.

Saa kumi alasiri Panadol ikaisha nguvu. Kutetemeka kulirudi na safari hii hakukukoma. Kucha zikawa za buluu. Naambiwa nilianza kusema Kikisii, nikimwita baba yangu, nikimwambia Wafula maneno ambayo hakuelewa hata moja. Ninalokumbuka ni sauti ya droo. Wafula alikuwa anatafuta namba ya hospitali, akivuta droo moja baada ya nyingine, vijiko vikianguka, kisha vitambaa vya meza.

Kutoka kwenye kochi nilimwona akisoma kasimama. Alisoma kwa kidole. Kidole kilishuka, kikasimama, kikashuka, kikasimama mahali pa chini na hakikuendelea. Aliinua kichwa akayatazama mawaridi mezani. Hakunitazama mimi. Akachukua simu.

Alinibeba mpaka garini nikiwa nimefungwa blanketi, Nekesa akikimbia nyuma na viatu vyangu mkononi. Wafula ni mtu wa kuwasemesha madereva wengine njia nzima, kuwatukana kwa Kibukusu na kujicheka mwenyewe. Siku ile nilisikia tu vipangusa vioo.

Hospitalini joto lilikuwa mia moja na nne, na presha ilikuwa ikiteremka wakiiangalia. Walinitia chumba cha peke yangu, kila anayeingia kavaa barakoa. Daktari kijana aliinama kitandani akauliza haraka haraka: nilimeza nini, lini. Kisha: "Nyumbani kuna wanyama? Mimea? Maua?"

"Hapana," nikasema.

Wafula alikuwa amesimama mguuni pa kitanda. "Kuna maua," alisema kwa Kiingereza. "Mawaridi. Yako ndani tangu October. Maji nabadilisha mimi." Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, sauti ikivunjika ndani ya barakoa: "Na jiki niliacha kutia, Mama Nekesa. Kabla ya Krismasi. Kila nikifungua ile chupa ulikuwa unatapika. Nilikuonea huruma."

Ndipo nilipoelewa harufu iliyopotea. Alikuwa ameacha kwa kunipenda, naye hakujua anaacha nini, kwa sababu mimi sikumsomea. Laiti ningemsomea mstari ule, mawaridi yangekuwa nje siku ile ile ya kwanza. Nilitaka kumwambia hivyo lakini mdomo haukufuata.

Siku mbili zilizofuata sizijui. Nazijua kwa kusimuliwa. Siku ya tatu Judy, ambaye alikuja kuniona kwenye wodi isiyo yake, alimwambia Wafula amlete mtoto. Hakusema kwa nini. Wafula alimwinua Nekesa kwenye kioo cha mlango ili anione na mipira yangu ya dawa, na Nekesa akamuuliza, "Is she gonna die from the flowers?" Alimshusha chini, akamfungia zipu ya koti, akaifungua, akaifunga tena.

Siku ya sita joto lilishuka na halikurudi. Niliamka nikiwa nimelowa, na nesi mmoja ambaye sikuwahi kujua jina lake akaniletea blanketi lililotoka kwenye joto na kunifunika mpaka kidevuni. Nililia kwa sababu ya blanketi lile.

Walipata kijidudu ndani ya damu yangu. Nilimuuliza daktari kilitoka wapi: kwenye mwiba, kwenye maji, au tumboni mwangu mwenyewe. Akasema hawezi kujua, na kwamba hakuna atakayejua. Hilo nakuachia kama lilivyo. Kuna siku Wafula aliniambia ingekuwa rahisi zaidi kama wangetuambia ni nani kati yetu wa kulaumiwa.

Mama Bosire alikuja na waridi moja, bora kuliko yote aliyowahi kuleta, akazuiwa mlangoni na kuelezwa sababu. Alinipigia simu kutoka korido ile ile, nikimwona kwenye kioo, waridi bado mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?" alilia. "Miezi yote hiyo! Mimi nakuletea kifo kwa ndoo na wewe unasema asante!"

"Ningekuambiaje, na umetoka Richfield?"

"Ungeniambia hapo hapo mlangoni! Ningekasirika wiki moja!"

Ni kweli. Angekasirika wiki moja.

Dozi ya tano ilicheleweshwa, ya sita ikaja Machi, barafu ya mto ikipasuka kwa mlio uliosikika mpaka ghorofani. Lile ghala lilikuwa limeondolewa, mezani kulikuwa na picha nyingine, ya samaki. Nyumbani vyombo vya maua vilikuwa vimetoweka vyote. Sikuuliza vimekwenda wapi. Wafula alipika, akafua, hakukosa siku moja ya hospitali. Lakini alinipima joto mwenyewe, akakishika kipimajoto mwenyewe, akakisoma karibu na dirisha kabla hajanipa. Nikisema nimekula, alitazama sahani. Barua za hospitali alizifungua yeye. Hakuwahi kunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Nilikuwa nimepona katika nyumba ambayo neno langu halikuwa na uzito, nami ndiye niliyelifanya liwe hivyo.

Mei nywele zilianza kurudi, laini kama za mtoto. Picha za mwisho za vipimo zilikuwa safi, hazikuonyesha uvimbe. Judy alinikumbatia, jambo ambalo sikulitarajia, akanipa karatasi ya mwisho, ya watu waliomaliza matibabu.

Jioni ile Wafula aliiweka mezani kati yetu. Meza ilikuwa tupu. Nekesa alikuwa sakafuni na penseli zake. Wafula alivuta kiti akakaa upande wangu, bega kwa bega, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Nisomee," akasema. "Yote."

Nikamsomea kwa Kiswahili, na kidole chake kikashuka pamoja na sauti yangu. Uchunguzi kila miezi mitatu. Jasho la usiku, piga simu. Uvimbe wowote, piga simu. Chanjo. Meno. Kurudi kazini kidogo kidogo. Kisha kidole kikafika kwenye mstari mfupi kuliko yote, kikasimama, na nikauona ukucha wake ukiwa mweupe kwa kubonyeza. Mstari ulisema kwamba maua mabichi sasa yanaruhusiwa ndani ya nyumba.

"Huo uruke," akasema.

Nekesa aliacha kuchora.

Niliuweka mkono wangu wenye ganzi juu ya mkono wake, nikausoma mstari ule neno kwa neno.